Gitaa ya zamani iliyoguswa na mafundi: namna gani ya kujua bei yake

Tarehe 20 Juni 2019, mjini New York, gitaa nyeusi ya umeme aina ya Fender Stratocaster iliuzwa katika mnada wa Christie's kwa dola 3 975 000. Ilikuwa ya David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd ya Uingereza. Wengi walishangaa bei. Mafundi wa gitaa walishangaa jambo lingine: chombo hicho hakikuwa tena vile kilivyotoka kiwandani. Rangi nyeusi ilipakwa juu ya rangi ya kwanza. Shingo ilibadilishwa zaidi ya mara moja, mikro zikatolewa na kuwekwa zingine, na mbao zikachongwa ili kuingiza kifaa kingine cha kutingisha nyuzi, kisha tundu likazibwa. Kama gitaa hiyo ingekuwa ya mtu asiyejulikana, kazi hizo zote zingeangusha bei yake chini sana.

Jambo hilo si la matajiri wa New York peke yao. Gitaa ya umeme ilianza kusikika Léopoldville, Kinshasa ya leo, katika miaka ya 1950, na Mbelgiji Bill Alexandre anahesabiwa kati ya watu walioileta. OK Jazz ilizaliwa 1956. Mwezi wa Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Congo zote mbili katika urithi wa dunia. Mtu ambaye baba ao babu yake alipiga katika orkestra ya zama zile anaweza kuwa na chombo cha miaka hiyo kwenye kona ya nyumba. Siku mpita njia anamwahidi dola 200, hajui kama anasaidiwa ao anaibiwa. Na siku jirani anamshauri aipeleke kwa seremala ipakwe rangi mpya ili ipendeze, hajui kama shauri hilo linaweza kumtoa maelfu ya dola mkononi.

Mkaaji wa Goma ao wa Bukavu ataelewa haraka akifikiria noti ya dola. Noti ya 100 iliyopasuka kidogo kwenye pembe bado ni dola 100 kule ilikochapwa. Lakini hapa muuza duka anaigeuza-geuza, kisha anairudisha, ao anakubali kuipokea kwa bei ya chini. Soko la gitaa za zamani liko hivyo hivyo. Gitaa iliyobadilishwa inaweza kulia vizuri, hata kuliko mbele, lakini mnunuzi anahesabu kile kilichoondoka.

Mkaguzi mzuri haanzi na jina lililoandikwa kwenye kichwa cha gitaa, maana maandishi hayo yanatengenezwa na kuuzwa mapya. Haamini sana hata namba iliyochongwa kwenye kipande cha chuma kinachokaza shingo za Fender za miaka ile, kwani skurubu nne tu zinatosha kukihamisha kutoka gitaa moja hadi nyingine. Kuchakaa pia si ushahidi. Tangu miaka ya 1990 Fender yenyewe inauza gitaa mpya zilizokwaruzwa makusudi ili zifanane na za wazee.

Kwa hiyo anafungua. Anatoa shingo na kutazama mwisho wake, mahali panapoingia ndani ya mwili wa gitaa, kwani hapo wafanyakazi wa Fender waliandika tarehe kwa penseli ao kuigonga kwa muhuri. Tarehe hiyo ni ya shingo, si ya gitaa nzima. Kisha anafungua sehemu ya umeme na kusoma tarakimu zilizo nyuma ya potensiometa, vile vifaa vinavyozungushwa ili kupandisha na kushusha sauti. Tarakimu 304 6347, kwa mfano, zina maana kwamba kifaa kilitengenezwa na kiwanda cha Stackpole, mwaka 1963, juma la 47. Lakini hapo pia kuna mtego: Fender ilinunua potensiometa nyingi sana mwaka 1966 na kuendelea kuzitumia kwa miaka kadhaa. Gitaa haiwezi kuwa ya mbele ya vifaa vyake vya asili, lakini inaweza kuwa ya nyuma yao.

Ushahidi ninaoupenda mimi ni bati. Kila waya ndani ya gitaa imeshikizwa kwa tone la bati iliyoyeyushwa. Tone la kiwandani ambalo halijaguswa kwa miaka 60 limefifia na lina vumbi lake. Fundi akichoma tena, linang'aa ao linavimba, na mara nyingi anaacha alama ya moto kwenye waya. Nyaya za Fender za wakati ule zilifunikwa kwa kitambaa. Ukikuta za plastiki ndani ya gitaa inayosemwa ni ya 1962, uliza maswali.

Kwa upande wa rangi, chombo cha kwanza ni kile ambacho wabadilisha feza wanakijua: taa ya zambarau ya kukagua noti. Gizani, chini ya taa hiyo, verni ya zamani ya viwanda vya Amerika hung'aa kwa rangi ya kijani inayoelekea manjano, na mahali palipopakwa baadaye huonekana kama kiraka. Kuna pia alama ndogo za misumari. Hadi karibu 1964 Fender ilipiga misumari midogo kwenye mwili wa gitaa ili usigusane na kitu wakati rangi inakauka, kisha ikaitoa. Matundu ya asili hayana rangi ndani. Yakijaa rangi, ao yakikosekana kabisa, gitaa imepakwa upya.

Na hilo ndilo pigo kubwa. Kati ya wauza gitaa za zamani kuna desturi ya zamani: kupakwa rangi upya kunakata karibu nusu ya bei. Gitaa ambayo ingeuzwa dola 20 000 inaenda kwa 10 000 hivi, hata kama kazi ya fundi ni safi. Kwa Gibson, kichwa kilichovunjika na kuunganishwa kinapunguza karibu kiasi hicho hicho, na gitaa hizo huvunjika kwa urahisi pale, kwani kichwa chao kimeinama nyuma. Kutoboa mbao ili kuingiza mikro kubwa ni kidonda kisichopona.

Mabadiliko mengine ni madogo. Vyuma vya shingoni vinaisha kama matairi, na kuvibadilisha vizuri hakuogopeshi mnunuzi. Mashine za kukazia nyuzi zilizobadilishwa bila kutoboa matundu mapya zinaondoa kidogo tu, zaidi kama zile za kwanza bado zipo. Stratocaster ya kwanza ilikuwa na kitufe cha kuchagua mikro chenye nafasi 3. Wanamuziki wengi waliweka cha nafasi 5, na mwaka 1977 kiwanda kikafuata njia hiyo. Kitufe kinarudishwa kwa nusu saa. Nyuzi zenyewe hazihesabiwi: wapiga gitaa wetu wa mi-composé waliondoa uzi mnene wa nne na kuweka mwembamba unaolia oktavi moja juu, na gitaa haikupata jeraha lolote.

Ndiyo sababu mfuko wa vipande vya zamani una thamani kubwa. Mikro ya asili iliyotupwa kwenye droo, skurubu zenye kutu, sanduku la kubebea lililochanika: kila kimoja kinanunuliwa peke yake, na vikirudi mahali pao bei ya gitaa inapanda. Fundi anayebakiza vitu hivyo kama sehemu ya malipo yake anajua anachofanya.

Kuna pia kosa ambalo limekuwa mali. Gibson Les Paul ya 1959 iliyokuwa ya Peter Green, mwanzilishi wa Fleetwood Mac, ina sumaku iliyogeuzwa ndani ya mikro moja. Mikro zote mbili zikifunguliwa pamoja, sauti inakuwa nyembamba, kama inayotoka puani. Fundi mwenye bidii angeirekebisha. Gitaa ikapita kwa Gary Moore, na leo iko kwa Kirk Hammett wa Metallica, bado na sumaku yake.

Lakini gitaa ya Green na ya Gilmour zina kitu ambacho nyingine hazina: picha, filamu na rekodi zinazoonyesha nani aliishika, mwaka gani, na lini kila badiliko lilifanywa. Neno la familia peke yake, hata likiwa la kweli, halipandishi bei. Picha ya mzee jukwaani ambamo mikwaruzo ya gitaa inaonekana vizuri inaweza kuipandisha. Mwenye gitaa aitafute mbele ya kutafuta mnunuzi, na apige picha za ndani na za nje mbele ya kumpa fundi yeyote.

Bado kuna forodha. Ubao wa shingo wa Fender na Gibson nyingi, hadi katikati ya miaka ya 1960, ulitengenezwa kwa mti wa Brazil unaoitwa Dalbergia nigra. Tangu 1992 mti huo uko katika kundi la kwanza la mkataba wa CITES, lenye masharti makali kuliko yote. Watu wa Haut-Katanga wanaujua mkataba huo kwa sababu ya mukula, ulioingizwa katika kundi la pili mwaka 2019. Gitaa yenye ubao huo ikiuzwa nje ya inchi bila kibali inaweza kukamatwa, hata kama kila skurubu yake ni ya asili. Kibali kinaombwa mbele ya safari, si kwenye uwanja wa ndege.