Usihadaiwe na namba kubwa unaponunua darubini

MNUNUZI wa darubini aghalabu huuliza swali moja tu anapofika dukani: Je, chombo hiki kinavuta mbali kiasi gani?

Muuzaji, akitambua hivyo, humkabidhi ile iliyoandikwa namba kubwa zaidi. Mteja huondoka akiwa na furaha, lakini siku ya kwanza mbugani hugundua kuwa picha inatetemeka, ina giza na kichwa kinamuuma.

Hasara hiyo si haba kwa mtu aliyeweka akiba miezi kadhaa, hususan kijana anayenuia kujipatia riziki kwa kuwaongoza wageni wanaotazama ndege. Kenya ina zaidi ya aina 1,000 za ndege, na anayeshindwa kutofautisha mmoja na mwenzake hawezi kudumu katika kazi hiyo.

Darubini tunazozizungumzia hapa ni zile za macho mawili zinazoshikwa mkononi, wala si zile za maabara au za wataalamu wa nyota. Habari njema ni kwamba mtu wa kawaida hahitaji chombo cha bei ya kutisha. Anachohitaji ni kujua anachokitafuta.

Maana ya namba

Kila darubini huwa na namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza huonyesha ni mara ngapi kitu kinakuzwa. Twiga aliye umbali wa mita 80 ataonekana kana kwamba yuko mita 10 kutoka ulipo.

Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Kadiri lenzi hiyo inavyokuwa pana ndivyo inavyoingiza mwanga mwingi, lakini ndivyo chombo kinavyozidi kuwa kizito.

Ukigawanya namba ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Darubini ya 8x42 hutoa duara la milimita 5 na ushei, ilhali ya 10x25 hutoa la milimita 2.5 pekee.

Mchana wa jua kali, mboni ya jicho husinyaa hadi milimita 2 au 3, na hivyo tofauti hiyo haitambuliki sana. Lakini alfajiri, magharibi au chini ya miti iliyosongamana kama ile ya msitu wa Arabuko-Sokoke katika Kaunti ya Kilifi, mboni hupanuka na darubini ndogo huonyesha kiza kitupu.

Fauka ya hayo, ukuzaji mkubwa hukuza pia mtetemo wa mikono. Watu wengi hushindwa kuituliza darubini inayozidi mara 10 bila kuiegemeza mahali. Ukuzaji huo vilevile hupunguza upana wa eneo linaloonekana, na ndege anayeruka hupotea kabla hujamwona.

Kwa matumizi ya kawaida, 8x42 ndiyo chaguo la wastani. Anayependa chombo chepesi cha kubeba safarini atafaidika na 8x32. Anayetaka kutazama mwezi na nyota anaweza kuchukua 10x50, mradi awe na mahali pa kuegemeza viwiko. Akiituliza vyema ataweza kuona ile miezi minne mikubwa ya sayari ya Mshtarii ambayo Galileo aliigundua mwaka wa 1610.

Jihadhari na darubini zinazotembezwa zikiwa zimeandikwa 60x60 au 100x180. Chukua rula na upime lenzi ya mbele. Ikiwa imeandikwa 60 nawe unapata milimita 30, basi hata ile namba ya kwanza usiisadiki. Epuka pia lenzi zenye utando mwekundu unaometameta. Huvutia macho dukani lakini hupotosha rangi za unachokitazama.

Umbo na vioo

Kuna maumbo mawili makuu. La kwanza lina mabega mapana, na hutumia mpangilio wa vioo uliobuniwa na Mwitaliano Ignazio Porro katikati ya karne ya 19. La pili lina mirija miwili iliyonyooka, na hubebeka kwa urahisi zaidi.

Mirija iliyonyooka hudai ufundi mwingi kiwandani. Kwa sababu hiyo, ukiwa na fedha kidogo, darubini ya mabega mapana aghalabu itakupa picha safi kuliko ile ya mirija iliyonyooka ya bei iyo hiyo.

Tafuta maelezo kuwa lenzi zote zimepakwa utando wa tabaka kadhaa unaopunguza mwanga unaopotea. Iwapo vioo vya ndani ni vya aina ya BaK-4, hiyo ni dalili nzuri. Anayeishi Pwani, au anayetembea nyakati za mvua, afikirie ile isiyopitisha maji.

Ijaribu kabla ya kulipa

Kwanza, shika darubini kwa urefu wa mkono na uielekeze penye mwanga, mbali na jua. Vile viduara vya mwanga kwenye vioo vya machoni viwe mviringo kamili. Vikiwa na pembe zilizokatwa, vioo vya ndani ni duni.

Pili, toka nje ya duka na utazame waya wa umeme au maandishi ya mbali. Ukiona vitu viwili badala ya kimoja, au macho yakianza kuvuta, mirija haijalingana. Irudishe, kwani kasoro hiyo ndiyo huleta maumivu ya kichwa.

Tatu, funga jicho la kulia na usawazishe picha kwa gurudumu la katikati. Kisha funga la kushoto na uzungushe kioo cha machoni cha upande wa kulia hadi picha iwe wazi. Wengi hulaumu chombo ilhali hawajakipatanisha na macho yao.

Wanaovaa miwani wajaribu wakiwa wameivaa. Wasipoona duara zima, watafute ile inayoruhusu jicho kukaa angalau milimita 15 kutoka kwenye kioo.

Anayenunua mtumba amulike ndani kwa tochi. Nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui ni kuvu, na kuiondoa ni kazi ya fundi.

Tahadhari na utunzaji

Kamwe usitazame jua kwa darubini, hata wakati wa kupatwa kwake. Lenzi hukusanya miali na kuielekeza jichoni, na mtu anaweza kupofuka kwa muda mfupi mno. Watoto waelezwe jambo hili kabla ya kukabidhiwa chombo.

Vumbi lipeperushwe au liondolewe kwa brashi laini kwanza, ndipo kitambaa kifuate. Kusugua lenzi yenye mchanga kwa ncha ya shati ni kuikwaruza. Baada ya kutumika, darubini ihifadhiwe mahali pakavu.

Iwapo ungali na shaka, azima ya mwenzako uitumie asubuhi moja kabla ya kufungua kibeti. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini anayenunua darubini kwa kusoma namba tu hulipia asichokiona.