Kulipa deni la nyumba mbele ya wakati: soma kontra kwanza

Tuseme uko Kapalata. Ulichukua krediti ya dola 1 200 kwa miezi 12 ili umalize nyumba, ukaacha makaratasi ya kiwanja kama garanti. Miezi sita imepita, biashara imeenda vizuri, uko na dola 600 mkononi na unataka kumaliza deni. Ni vizuri, lakini usikimbie bado kwenye gishe.

Kila kitu kinategemea namna wanavyohesabu intere. Tuweke 3 kwa mia kwa mwezi. Kama inahesabiwa juu ya deni linalobaki, mwezi wa kwanza unalipa intere ya dola 36, wa pili 33, wa tatu 30, inashuka hivyo. Kisha miezi sita, kapitali inayobaki ni dola 600, na intere ya miezi ya mbele ni dola 63. Ukimaliza siku hiyo, hizo 63 huzilipi. Kontra ikiweka penalite ya 2 kwa mia juu ya kapitali inayobaki, utatoa dola 12 na bado utaokoa 51.

Lakini kuna kontra zingine: intere ni dola 36 ileile kila mwezi, na inadaiwa yote hata ukilipa mbele. Watakuomba 600 pamoja na 216. Hapo haraka haikusaidii kitu. Afadhali franga zizunguke sokoni.

Sheria yetu ya mikataba, ile ya 30 Julai 1888, inasema makubaliano yaliyofanywa vizuri ni sheria kwa waliosaini. Ndiyo maana wakati wa kubishana juu ya penalite ni mbele ya kusaini, ama krediti ya kwanza inapoisha na wanataka kukupa ingine. Mteja aliyelipa vizuri ana nguvu siku hiyo. Na kama kontra inaruhusu intere igeuzwe kisha muda fulani, omba iandikwe kwamba siku ya kugeuza unaweza kulipa zaidi bila penalite. Maneno ya mdomo ya ajenti hayatoshi, hata akiwa shemeji yako.

Ukitaka kupunguza sehemu tu, usiweke franga kwenye konti na kunyamaza. Wanaweza kuzihesabu kama malipo ya miezi inayokuja, na intere haishuki. Andika barua: zipunguze kapitali. Baki na kopi yenye kashe, kisha omba tablo mpya ya malipo.

Deni likiisha, chukua karatasi inayoshuhudia hivyo. Kama uliacha fishi ya kiwanja, irudishwe mkononi mwako. Kama ni sertifika yenye hipoteki, safari haijaisha: hipoteki iliandikwa kwa konservateri wa titre, na ni kule inapaswa kufutwa. Usipoifuta, siku ya kuuza mnunuzi ataikuta pale bado.