Sungura Aliyekataa Kula Asingojewe Hadi Kesho

Katika hadithi wanazosimuliwa watoto jioni, Sungura ni mwerevu kumpita Fisi, Simba na Ndovu. Lakini sungura aliye kizimbani nyuma ya nyumba ana werevu wa namna nyingine, nao humdhuru mwenyewe: huficha ugonjwa wake. Mnyama mdogo aonyeshaye udhaifu porini ndiye hukamatwa kwanza. Kwa sababu hiyo sungura mgonjwa hujikunyata kimya pembeni, wala halii kama mbuzi, hata tumbo lake linapokuwa limekaribia kusimama. Watu wa nyumbani hudhani amechoka. Asubuhi ya pili hukutwa amekufa, na watoto huulizana ni nani aliyemlisha sumu.

Kwa familia za askari na polisi jambo hili lina uzito wa pekee. Baba au mama aweza kuwa lindoni au safarini kikazi kwa siku nyingi, na kizimba kikabaki mikononi mwa mtoto wa miaka tisa au kumi. Yafaa basi kila aliye nyumbani ajue dalili za hatari, na ajue pia lipi la kufanya kabla daktari wa mifugo hajafika.

TUMBO LISILOPASWA KUSIMAMA

Sungura ameumbwa kula majani makavu na mabichi mchana na usiku, kidogo kidogo. Nyuzinyuzi za majani ndizo zisukumazo chakula tumboni. Mwanzoni mwa utumbo mpana ana mfuko mkubwa wenye vijidudu vyema, ambavyo huchachusha chakula na kumpatia nguvu. Hawezi kutapika; kilichoingia hakina budi kupita chote na kutokea nyuma.

Mambo yanapokwenda sawa hutoa kinyesi cha namna mbili. Cha kwanza ni vidonge vya mviringo, vikavu, vilivyolingana kama mbaazi, vyenye nyuzi za majani ndani. Cha pili ni laini, kimeshikana mfano wa kishada cha zabibu, nacho sungura hukila mwenyewe moja kwa moja, hasa usiku au alfajiri. Asizuiwe wala asionekane mchafu kwa kufanya hivyo, maana ndiyo njia yake ya kupata vitamini na protini ambazo hakuzipata mara ya kwanza.

Asipokula, au akilishwa ugali, mkate, pumba na ndizi mbivu badala ya majani, mwendo wa tumbo hupungua. Chakula kilichobaki hukauka, hewa hujaa, maumivu huzidi, na maumivu nayo humfanya akatae kula. Ndipo ini nalo huanza kuharibika kwa njaa. Sungura aliyepitisha saa 12 bila kula ni mgonjwa wa dharura, hata kama macho yake yangali maangavu.

UKAGUZI WA KILA ASUBUHI

Askari hukagua silaha yake kabla ya hitaji. Kizimba nacho kikaguliwe kila asubuhi kabla ya kufagiwa, kwa kuwa ushahidi u katika takataka zile zile zitupwazo.

Vidonge vikiwa vidogo kuliko kawaida, vikavu mno, au vimeunganika kwa manyoya kama shanga, tumbo limeanza kulegea. Pasipokuwa na kidonge hata kimoja, hali imekwisha kuwa mbaya. Atazamwe pia akaavyo: mgonjwa wa tumbo huinamisha mgongo, hufumba macho nusu, husaga meno kwa sauti, naye hukataa hata jani alipendalo. Tumbo lililovimba na kukaza kama ngoma ni hatari kubwa kupita zote.

Manyoya ya nyuma yakiwa yamegandamana kinyesi laini ilhali vidonge vya kawaida vipo, mara nyingi chanzo ni wanga kupita kiasi. Asafishwe kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu na kukaushwa vema, kwani nzi hutaga mayai hapo, na funza wake huweza kumla akiwa hai. Lakini akitoa maji matupu bila kidonge, hasa mtoto aliyeachishwa kunyonya karibuni, huko ni kuharisha kweli. Vijidudu vya koksidia huua watoto wa sungura kwa muda mfupi, na dawa yake hutolewa na daktari wa mifugo.

MAJI

Sungura huhitaji maji yapatayo mililita 50 hadi 150 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo tatu, kwa kadiri ya wastani, hunywa chupa moja ya soda ya mililita 300. Anyonyeshaye huhitaji zaidi sana. Katika majira ya kiangazi, na katika sehemu kavu kama Karamoja, kopo lililopinduka saa tatu asubuhi laweza kuwa sababu ya msiba wa jioni, kwa kuwa sungura hatoki jasho la kumpoza. Joto lake hutokea zaidi masikioni.

Aliyepungukiwa maji hutambulikana hivi. Ngozi ya mabegani ikivutwa polepole na kuachwa, hukawia kurudi mahali pake. Ufizi huwa mkavu na wenye kunata, na mkojo huwa haba. Mkojo mzito wenye rangi ya maziwa au wekundu kidogo usimtishe mtu peke yake; chumvi za chokaa na rangi za majani huweza kuuleta kwa mzima pia.

HUDUMA YA KWANZA

Mgonjwa atengwe mahali tulivu, penye kivuli. Masikio yakiwa baridi, awekewe karibu chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa. Yakiwa moto naye ahema kwa nguvu, apakwe maji ya kawaida masikioni, wala asitumbukizwe katika maji baridi.

Ikiwa tumbo halijavimba na anameza vema, apewe maji safi kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano, kupitia pembeni mwa mdomo, matone machache kwa wakati mmoja ili yasiingie mapafuni. Awekewe majani mabichi mbele yake, aachwe atembeetembee. Ikiwa tumbo limekaza, asilazimishwe kula wala kunywa. Apelekwe kwa daktari wa mifugo saa ile ile. Huyo ndiye awezaye kutambua kama njia imeziba, na kumpa dawa ya maumivu na maji chini ya ngozi.

DAWA ZA WATU SI DAWA ZA SUNGURA

Hapa ndipo wema wengi huua. Mama huchukua kidonge kilichobaki cha mtoto, ampisilini au amoksilini, akakisaga na kumnywesha sungura. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni huua vijidudu vyema vya tumbo lake. Vibaya hubaki vikiongezeka na kutoa sumu, na baada ya siku chache mnyama hufa kwa kuharisha. Asipewe dawa yoyote ya watu pasipo amri ya daktari wa mifugo.

KINGA

Chakula chake kikubwa kiwe nyasi. Majani mabichi yakatwe asubuhi, yatandazwe kivulini mpaka yanyauke. Yakirundikwa yakapata joto huchacha. Majani ya viazi vitamu na mchunga humfaa, lakini majani ya mparachichi ni sumu kwake, na majani ya nyanya hayafai. Chakula kipya kiongezwe polepole kwa muda wa juma moja au zaidi. Maji yawe katika bakuli zito la udongo lisilopinduka, yabadilishwe kila siku. Sakafu ya kizimba ifagiwe kila siku, kwa kuwa mayai ya koksidia huhitaji muda katika unyevu kabla hayajaweza kuambukiza.

Mwenye nyumba aitwaye kazini na amkabidhi mtoto wake mambo matatu ya kutazama: je, amekula, amekunywa, ametoa vidonge? Jibu moja likiwa hapana, mtoto asingojee baba arudi. Amwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, naye mtu mzima asimjibu kwamba ni sungura tu.