Mashine ya santuri: kagua sindano kabla ya kulipa

Baadhi yetu tuliorudi Burundi kutoka Kigoma, nilikosomea mimi, tulibeba santuri za wazazi. Majirani huniuliza wanunue mashine gani ya kuzipigia.

Nawajibu: uzuri wa sanduku usiwadanganye, tazameni sindano. Sindano inayolemea huchimba mifereji ya santuri, na sauti iliyokwanguliwa hairudi. Chagueni mashine ambayo uzito wa mkono wake unarekebishika. Sindano nyingi za kisasa hutaka gramu 1.5 hadi 2.5.

Pili ni mwendo. Santuri kubwa za plastiki huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, ndogo mara 45. Zile nzito zinazovunjika, kama za mwanzo za kampuni ya Ngoma iliyoanzishwa Léopoldville mwaka 1948, ni mara 78, nazo huhitaji sindano nene zaidi.

Ndugu wafanyabiashara wa mpakani, mashine ya Marekani ni ya volti 120 na hezi 60. Transfoma hurekebisha volti tu. Mota nyingi za zamani hufuata hezi, hivyo kwenye umeme wetu wa hezi 50 zitazunguka polepole, na mwimbaji atasikika kama ana usingizi.

Ijaribuni dukani kwa santuri mnayoifahamu. Mashine nyingine mtapata sokoni. Santuri ya marehemu baba hamtaipata tena.