Adabu ya Sataranji Mtandaoni: Mpinzani Aliyekatikiwa (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ya makala haya ilieleza namna sataranji inavyochezwa kwa simu; sehemu hii inahusu adabu baina ya wapinzani wawili wasioonana, suala lenye uzito wa pekee kwa wachezaji wa Kibugu na vijiji vingine vya Embu vilivyo kwenye miteremko ya Mlima Kenya, kwa sababu huko stima ikipotea au bando likiisha, mchezo ulioanzwa kwa nia njema hukatika ghafla, na aliye upande wa pili hana njia ya kujua kama mwenzake amepatwa na mkosi au amekimbia.

Katika sataranji ya ana kwa ana, wachezaji hupeana mikono kabla ya mchezo na baada yake, hunyamaza wakati wa kucheza, na aliyegusa kete yake hulazimika kuichezesha. Sheria za Shirikisho la Sataranji Duniani (FIDE), lililoundwa Paris mwaka 1924, zinamkataza mchezaji kumsumbua au kumuudhi mpinzani kwa namna yoyote ile, hata kwa kumwomba sare mara kwa mara pasipo sababu. Hata hivyo, kinachozifanya sheria hizo zitiiwe ni macho ya watu, pengine kuliko mwamuzi mwenyewe. Wanaocheza drafti sokoni kwa vizibo vya soda wanalifahamu hilo vyema, kwa kuwa anayekataa kushindwa hukemewa na watazamaji papo hapo, na kesho yake hukosa wa kucheza naye. Katika mashindano ya Kenya Open yaliyofanyika Nairobi mwezi Aprili 2023, kijana wa kiume aliyejisitiri kwa hijabu na miwani na kujiandikisha katika kundi la wanawake aligunduliwa kufikia raundi ya nne, baada ya ukimya wake, viatu vyake na ushindi wake dhidi ya wachezaji mahiri kuwatia watu shaka. Alipoitwa kando alikiri na kuomba radhi, akieleza kwamba alisukumwa na shida ya fedha.

Mtandaoni hakuna viatu vya kutazamwa wala uso wa kusomwa. Kinachobaki ni ubao, saa na vitufe vichache, na kwa hivyo utovu wa adabu nao huchukua sura nyingine. Wapo wanaomwandikia mpinzani matusi, lakini hao ni rahisi kuwaepuka kwa kuzima sehemu ya mazungumzo. Linaloudhi zaidi ni kukalia saa: mchezaji anayeona kwamba ameshindwa huacha kucheza, naye badala ya kusalimu amri, yaani kukubali kushindwa kabla mfalme wake hajanaswa, huziacha dakika zake zote zilizosalia ziishe zenyewe, akitarajia mwenzake achoke na kuondoka. Sheria haimlazimishi mtu kusalimu amri, na anayeendelea kupigana katika hali mbaya hana kosa lolote. Kosa ni kuugeuza muda, uliotolewa ili mtu afikiri, kuwa adhabu kwa aliyecheza vizuri zaidi.

Hapo ndipo mkosi na hila hufanana, kwa maana simu ya aliyekatikiwa mtandao na simu ya aliyekimbia huleta ukimya uleule. Tovuti ya Lichess, iliyoanzishwa mwaka 2010 na Mfaransa Thibault Duplessis na isiyomtoza mchezaji hata senti, imelitafutia jambo hili njia ya busara. Mpinzani akitoweka, anayesubiri huarifiwa, na baada ya muda mfupi hupewa hiari ya kudai ushindi, ya kuufanya mchezo kuwa sare, au ya kuendelea kusubiri. Kando ya saa ya mpinzani, katika michezo ya kawaida, ipo pia alama ndogo ya kujumlisha ambayo mchezaji akiigusa humwongezea mwenzake sekunde 15. Wengi hucheza miaka na miaka bila kuigusa alama hiyo, ilhali hakuna mahali pengine kwenye ubao huo panapompa mchezaji nafasi ya kumtendea wema mtu asiyemjua.

Wachezaji wakubwa duniani nao wamekutana na mtihani huu. Mwaka 2020, katika nusu fainali ya mashindano ya mtandaoni ya Chessable Masters, Mchina Ding Liren alikatikiwa mtandao na kupoteza mchezo wakati hali ya ubao ilikuwa ikielekea sare; Magnus Carlsen wa Norway, aliyekuwa bingwa wa dunia wakati huo, alimtoa malkia wake bure katika mchezo uliofuata na kusalimu amri baada ya hatua chache tu, ili mizani irudi sawa. Tarehe 30 Agosti mwaka huohuo, katika fainali ya Olimpiadi ya Sataranji ya Mtandaoni, wachezaji wawili wa India, Nihal Sarin na Divya Deshmukh, walikatikiwa wakaishiwa na muda, na baada ya India kukata rufaa, rais wa FIDE, Arkady Dvorkovich, aliamua kwamba India na Urusi zipewe dhahabu kwa pamoja. Ikiwa fainali ya dunia haikusalimika na kukatika kwa mtandao, basi mwanafunzi wa Kibugu anayetumia simu ya mzazi hastahili kuitwa mwoga kwa sababu tu ametoweka ubaoni.

Suala la udanganyifu ni gumu zaidi, kwa kuwa programu za kuchambua michezo, kama vile Stockfish, sasa humshinda binadamu yeyote, na anayeifungua moja kisirisiri huku akicheza hachezi tena, bali ananakili. Lakini tuhuma zisizo na ushahidi ni utovu wa adabu pia. Mnamo Septemba 2022, Carlsen yuleyule alijiondoa katika Kombe la Sinquefield baada ya kushindwa na Mmarekani Hans Niemann, kisha walipokutana mtandaoni akacheza hatua moja na kusalimu amri. Niemann alikuwa amekiri kwamba alidanganya mtandaoni akiwa na umri wa miaka 12 na tena akiwa na 16. Hata hivyo, mwezi Desemba 2023 FIDE ilimtoza Carlsen faini ya euro 10,000 kwa kujiondoa bila sababu halali. Mwenye shaka anapaswa kutumia kitufe cha kuripoti, awaachie wenye tovuti kazi ya kulinganisha hatua na programu, wala asimwandikie mpinzani neno mwizi.

Walimu wanaolea vilabu vya sataranji katika shule za Embu na Meru wanaombwa, kabla ya kupambanisha wanafunzi wao mtandaoni, waafikiane kwa maandishi juu ya mchezaji atakayekatikiwa: kama mchezo utaendelea pale ulipoishia, kama utarudiwa, na ni nani atakayeamua, tena wabadilishane nambari za simu, ili stima ikipotea upande mmoja, upande wa pili uarifiwe kabla haujadai ushindi.