Kalibu ya Kwanza: Sindano ya Nyavu Kutokana na Vifuniko vya Chupa

Katika mialo ya Kibirizi, Katonga na Ujiji, kushona nyavu ni kazi isiyokwisha. Wavu wa dagaa unapotatuka, mshonaji huhitaji uzi, kisu na sindano. Sindano hiyo ni kipande bapa chenye ncha upande mmoja na pacha upande wa pili. Katikati yake pana dirisha, na ndani ya dirisha umesimama ulimi ambao uzi huzungushiwa. Kwa mtu anayetaka kusanifu kalibu ya plastiki kwa mara ya kwanza nyumbani kwake, akiwa na jiliwa, tupa na keekee, sidhani kama kuna kifaa cha kujifunzia kinachofaa zaidi.

Wengi hupenda kuanza na boya. Hilo ni kosa la hesabu. Lita moja ya plastiki ya polithini nzito ina uzito wa gramu 950 hivi, na lita moja ya maji ni gramu 1,000. Kwa hiyo boya gumu la lita moja litabeba gramu 50 tu! Boya la kweli hapana budi liwe na hewa ndani, na kitu chenye uvungu uliofungika hakitoki katika kalibu sahili ya vipande viwili. Sindano haina tatizo hilo. Tena, wepesi ule mdogo unaitosha: ikimponyoka mvuvi itaelea, badala ya kupotelea katika ziwa ambalo kina chake hufika mita 1,470 hivi.

Kazi yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1872 huko Marekani, John Wesley Hyatt na ndugu yake Isaiah walipewa hataza ya mashine iliyosukuma seluloidi laini kwa pistoni. Msingi ni ule ule hadi leo: plastiki huyeyushwa, husukumwa kwa nguvu katika uvungu wa chuma, hupoa, kisha hutolewa.

Tuanze na malighafi. Mkoani Kigoma madumu ya mawese yamejaa kila mahali, na mtu angedhani ndiyo yanayofaa. Kwa kweli plastiki ya dumu ilichaguliwa ili iweze kuning'inia kama bomba laini na kupulizwa bila kudondoka. Ikiyeyuka huwa nzito kama ugali, na mkono wa mtu hauwezi kuisukuma mbali. Vifuniko vya chupa za maji, ambavyo kwa kawaida ni vya polithini ile ile nzito, vimetengenezwa kwa plastiki inayotiririka vizuri zaidi. Vioshe, vikate, uvitie katika ndoo ya maji. Kinachozama kiondoe kabisa. Hasa jihadhari na PVC, ambayo huzama: ikipashwa joto kupita kiasi hutoa gesi ya hidrojeni kloridi, inayochoma mapafu na kula chuma. Hata plastiki salama iyeyushwe mahali penye hewa ya kutosha, kwenye nyuzi 200 hadi 230 za Selsiasi.

Sasa kalibu. Chukua mabamba mawili ya alumini: moja lichongwe umbo lote la sindano, la pili liachwe bapa. Alumini hupitisha joto mara kadhaa kuliko chuma cha pua, na tupa huikubali. Tuseme twataka sindano ya urefu wa milimita 120, upana 18 na unene 3. Polithini nzito hunywea kwa kiasi cha asilimia 2 inapopoa, basi uvungu uwe wa milimita 122.4. Unene usiongezwe ovyo, kwani ukizidisha unene mara mbili, muda wa kupoa huongezeka mara nne.

Swali gumu ni hili: plastiki iingilie wapi? Lango likiwekwa kwenye ncha, mkondo utagawanyika, upite pande zote mbili za dirisha na kukutana upande wa chini, karibu na shina la ulimi. Mikondo miwili inapokutana imekwisha kupoa kidogo, hivyo haishikani barabara. Na ulimi ndio unaopindwa kila uzi unapozungushwa. Utavunjika shinani. Lango liwe upande wa pacha. Hapo shina la ulimi litajazwa na mkondo mmoja, na kiungo dhaifu kitahamia kwenye ncha. Ncha nayo hufanya kazi, lakini haipindwi sana. Ili kukiimarisha kiungo hicho, ipashe kalibu joto kabla ya kusukuma.

Nguvu ya kuyafunga mabamba ndiyo inayosahauliwa na wanaoanza, nayo ni hatari kuliko yote. Mtu akivuta kwa kilo 40 wenzo wenye uwiano wa nane kwa mmoja, pistoni itasukumwa kwa kilo 320. Ikiwa kipenyo chake ni milimita 20, kila sentimita ya mraba itapata karibu kilo 100. Sindano yetu, ukitoa dirisha, ina eneo la sentimita za mraba 16 hivi. Basi mabamba yaweza kutenganishwa kwa nguvu ya kilo 1,600. Jiliwa ndogo ya mezani isiaminiwe hapa. Tumia boliti nne za chuma cha pua za milimita 10, vaa miwani na glavu za ngozi, wala usiinamie kalibu.

Plastiki inaponywea huling'ang'ania lile chuma lililosimama dirishani. Kwa hiyo kuta zote ziinamishwe nyuzi mbili, yaani sehemu ya kumi ya milimita kwa kina chetu cha milimita 3, na zisuguliwe kwa msasa laini kuelekea upande sindano inakotokea.

Katika majaribio ya mwanzo usijaze uvungu. Sukuma nusu, fungua, utazame mkondo umefika wapi. Kisha ongeza kidogo kidogo. Ncha ya ulimi na ncha ya sindano ndizo zitakazonasa hewa, basi kila moja ikwaruziwe njia ya kina cha sehemu mbili au tatu za mia za milimita: hewa itapita, plastiki haitapita. Ukiona alama nyeusi ya kuungua nchani, hewa imebanwa hata ikapata moto, na njia hiyo imeziba. Isafishe kabla ya kusukuma tena.