Je, Wajua? Sabuni Inayojitoa Yenyewe: Inunue au Iache Dukani?

Kabla ya mwaka 2020, kifaa kinachotoa sabuni chenyewe kilikuwa kitu cha viwanja vya ndege na hoteli kubwa. Kisa cha kwanza cha corona kilipotangazwa Kenya tarehe 13 Machi mwaka huo, milango ya maduka, benki na vibanda vya chakula ikawekewa maji na sabuni, na vifaa vya kisasa vikaanza kumfikia mnunuzi wa kawaida. Leo mkazi wa Cheptiret, pale unapoiacha barabara ya Nakuru–Eldoret kwenda Kesses na bewa kuu la Chuo Kikuu cha Moi, anaweza kukiagiza kwa simu. Kina betri, kina kijicho kinachotambua mkono, na hakitaki kuguswa. Je, boma lako linakihitaji? Yasome haya kabla ya kutoa pesa mfukoni.

Je, wajua kwamba pampu ya sabuni haina hatari kubwa hata ikiwa chafu?

Wauzaji hukuambia kwamba ukiacha kugusa pampu utaepuka vijidudu. Ni kweli pampu huchafuka, kwa sababu kila anayeibonyeza huwa bado hajanawa. Lakini angalia mpangilio wa mambo: unaibonyeza kwanza, kisha unanawa. Chochote ulichookota pale huondoka pamoja na povu sekunde chache baadaye, mradi umesugua sawasawa. Kwa hiyo kifaa cha betri kinakukinga na uchafu ambao ungeuosha vyovyote vile.

Je, wajua kwamba mfereji una makosa zaidi kuliko sabuni?

Mfereji unaufungua kwa mkono mchafu, unaufunga kwa mkono safi. Uchafu uliouacha mwanzo unakusubiri mwisho. Anayetaka kutumia pesa zake vizuri aanzie hapa: mfereji wa wenzo mrefu unaofungwa kwa kiwiko, au karatasi safi ya kuushikia.

Miaka ya 2010, shirika la utafiti la Innovations for Poverty Action na wabunifu wa Catapult Design walilifikiria jambo hili hapa Kenya, wakatengeneza kifaa cha kunawia kiitwacho Povu Poa. Hakina betri. Kina pampu inayogeuza maji ya sabuni kuwa povu ili sabuni kidogo idumu, na kina mfereji wa kubembea unaoweza kusukumwa bila kuukamata kwa kiganja.

Je, wajua kwamba mitambo ya kujiendesha inaweza kuwa michafu zaidi?

Mwaka 2011, watafiti wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, walitoa taarifa iliyowashangaza wengi. Walikuwa wamepima maji ya mifereji inayojifungua yenyewe na ya mifereji ya kawaida. Bakteria wa Legionella walipatikana katika nusu ya sampuli za mifereji ya kielektroniki, na katika asilimia 15 tu ya sampuli za ile ya mkono. Vali nyingi zilizofichika ndani zilishukiwa kuwapa bakteria mahali pa kujishikiza. Hilo lilihusu maji, si sabuni, lakini linamfaa mnunuzi yeyote: kutogusa ni jambo moja, usafi ni jambo jingine.

Je, wajua jinsi kijicho kinavyouona mkono?

Hakiuoni. Kinarusha miale ya infraredi, jamii ileile ya mwanga utokao kwenye rimoti ya televisheni, kisha kinasubiri irudi. Mkono ukipita, sehemu ya miale hugonga ngozi na kurudi. Kipokezi hupata habari, mota huzunguka, sabuni hutoka.

Hapo ndipo kuna tatizo linalotuhusu. Ngozi nyeusi hufyonza miale hiyo zaidi ya ngozi nyeupe, na kifaa kilichorekebishwa kwa kupima mikono ya weupe peke yao kinaweza kutuona kama hewa. Agosti 2017, Chukwuemeka Afigbo, Mnigeria aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Facebook, alisambaza video fupi: mkono mweupe unapewa sabuni mara moja, mkono mweusi unasubiri bure, kisha mwenye mkono huo anashika karatasi nyeupe na sabuni inatoka. Video hiyo ilitazamwa na mamilioni. Vifaa vingi hufanya kazi vizuri kwa ngozi zote, lakini usikubali kuonyeshwa na muuzaji kwa kiganja, ambacho ni cheupe kwetu sote. Jaribu kwa mgongo wa mkono wako.

Na ukitaka kujua kama kijicho ni kizima, kielekezee kamera ya simu. Kamera nyingi, hasa zile za mbele, huuona mwanga ambao jicho haliuoni, na utauona ukimeta kwenye kioo cha simu.

Je, wajua kwamba tone dogo na maji baridi yanatosha?

Cheptiret iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na maji ya tangi alfajiri huuma vidole. Wengi huamini kwamba bila maji ya moto vijidudu haviondoki. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Rutgers nchini Marekani walilijaribu hilo na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Maji ya nyuzi 15 za Selsiasi yaliondoa bakteria sawa na maji ya nyuzi 38. Walijaribu pia sabuni ya mililita 0.5, 1 na 2, na hawakuona tofauti ya maana.

Hapa kifaa kinachojiendesha kinapata alama yake. Kikirekebishwa vizuri, hutoa kiasi kilekile kidogo kila mara, na mtoto hawezi kuimaliza chupa kwa kuichezea pampu. Ila mtoto huyo anaweza kukichezea kijicho vilevile, na wengi hufanya hivyo wiki ya kwanza.

Je, wajua kwamba sabuni yenyewe inaweza kuota bakteria?

Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika shule moja ya msingi Marekani, ambako vyombo vya sabuni vilikuwa vikijazwa tena na tena na sabuni ilikuwa imechafuka. Baada ya kunawa kwa sabuni hiyo, bakteria wa aina fulani mikononi mwa wanafunzi na wafanyakazi waliongezeka mara 26. Waliotumia sabuni ya mifuko iliyofungwa kiwandani hawakupata balaa hilo.

Chanzo ni tabia tunayoijua: chupa ikifika nusu, tunaongeza juu yake, ikikaribia kwisha, tunatia maji ili isukume siku mbili tatu. Maji hudhoofisha vihifadhi, na bakteria hupata makao. Kifaa cha betri hakiiponyi tabia hii. Huenda kikaiongezea nguvu, kwa sababu tangi lake ni gumu kusuguliwa ndani na mota yake haitaki kulowa. Kanuni ni moja kwa chombo chochote: acha kiishe, kioshe, kikauke, ndipo ujaze.

Je, wajua kwamba sabuni ya kipande ilishatetewa maabara?

Mwaka 1988, watafiti walipaka vipande vya sabuni bakteria kwa makusudi, kisha wakawanawisha watu 16. Mikono yao ilipopimwa, hakuna hata mmoja aliyekutwa na kiasi cha kupimika cha bakteria hao. Basi kipande cha sabuni kwenye kisahani kinachochuja maji bado ni chaguo halali, na hakihitaji chaja. Wenye hofu ya kukidondosha au kuibiwa hukitia ndani ya soksi au wavu na kukining'iniza kwenye mfereji.

Je, wajua kwamba chumvi ndiyo inayofanya sabuni ya maji iwe nzito?

Wanaojitengenezea sabuni nyumbani kwa ungaroli wanalijua hili kwa mikono yao: koroga, ongeza chumvi kidogo kidogo, na maji mepesi yanageuka ute. Chumvi huzifanya chembe za sabuni zijipange kuwa nyuzi ndefu zinazosokotana. Ukizidisha, sabuni hurudi kuwa maji.

Uzito huo ambao mnunuzi wa sokoni huupenda ndio adui wa mota ndogo. Mashine nyingi za nyumbani ni za povu, na zinahitaji sabuni nyepesi. Ute mzito huziba wavu unaochanganya sabuni na hewa, hasa asubuhi za baridi sabuni inapozidi kuganda. Kabla ya kununua, soma kama ni mashine ya povu au ya ute. Kosa hilo moja linaweza kukiua kifaa.

Je, wajua kwamba pampu ziliwahi kununuliwa zote ili mshindani azikose?

Sabuni ya maji ilipata hati ya ubunifu Marekani tangu 1865, lakini ilikaa zaidi ya karne moja kabla ya kushika sinki za nyumbani. Mwaka 1980, mfanyabiashara Robert Taylor wa kampuni ya Minnetonka alipoitoa sabuni ya Softsoap, aliogopa kampuni kubwa zingemwiga. Sabuni haikuwa siri. Kilichokuwa adimu ni pampu ya plastiki. Akaagiza pampu milioni 100 kutoka kwa watengenezaji, na wakubwa wakakosa za kununua. Kifaa kile kidogo unachokitupa chupa ikiisha kiliwahi kuamua vita vya biashara.

Je, wajua kwamba kutogusa si uvumbuzi wa betri?

Katika nyumba zetu, kabla ya ugali mgeni hunawishwa: mmoja anashika jagi na beseni, anamimina, na mgeni hagusi chochote ila maji na sabuni. Miaka ya 1980, kutoka Zimbabwe, lilienea wazo la kibuyu chirizi: mtungi uliotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu.

Mwaka 2020, kijana Stephen Wamukota wa kijiji cha Mukwa, Bungoma, akiwa na umri wa miaka 9, aliunda kwa mbao na misumari mashine ya kunawia inayokanyagwa ili ndoo iiname na kumimina maji. Mwezi Juni alitunukiwa nishani ya rais. Hakutumia kijicho wala mota, na aliutatua ule ugumu wa mfereji ambao kifaa cha sabuni peke yake hakiugusi.

Je, wajua kwamba maandishi ya "kuua vijidudu" hayaongezi mengi?

Septemba 2016, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipiga marufuku kemikali 19, triklosani ikiwemo, katika sabuni za kunawia za matumizi ya nyumbani, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinashinda sabuni ya kawaida na maji. Uchambuzi wa tafiti nyingi umeonyesha kwamba kuwahamasisha watu wanawe mikono hupunguza visa vya kuhara kwa takriban asilimia 30. Faida hiyo inatokana na kunawa, si na umbo la chupa.

Basi, ununue?

Nunua kama nyumbani kuna mzee ambaye vidole vyake vinauma kubonyeza pampu, au mpishi anayekatakata kuku na kukanda unga wa chapati akihitaji sabuni kila mara, au mkamuaji anayerudi kutoka zizini na mikono isiyofaa kushika kitu. Hapo utakuwa unalipia wepesi wa kazi, na wepesi una thamani yake.

Usinunue kwa kuogopa vijidudu. Kama maji yako ni ya mtungi wenye mfereji wa kuzungusha, bei ya kifaa kimoja huenda ikatosha kubadilisha mfereji huo, kununua chupa ya pampu, na kubaki na sabuni ya kutosha.

Ukiamua kununua, uliza mambo manne dukani: kinatumia betri za kubadilisha au cha kuchaji, tangi linafunguka kiasi cha kuingiza brashi, ni cha povu au cha ute, na kinauona mgongo wa mkono wako. Kikishindwa hilo la nne mbele ya muuzaji, mrudishie.